Sarafu za Mjerumani za baba yangu, na siku nilipoziosha kwa limao

Februari 2021, Kilosa. Nilimpoteza baba. Siku chache kabla yake nilipoteza sarafu zake arobaini na moja. Hazikuibiwa. Zipo mpaka leo. Niliziharibu mimi, kwa mikono yangu hii.

Habari zenu wakuu.

Mimi huwa msomaji tu humu, sijawahi kuanzisha uzi. Juzi kuna jamaa aliuliza kama corona iliua biashara ya vitu vya kale au iliipandisha. Nikaona mnabishana. Kwetu yalitokea yote mawili, na sisi tulikaa katikati. Nitaandika nilichokiona, sitatia chumvi. Elimu yangu ni darasa la saba na kazi yangu ni cherehani, mtanivumilia.

Baba alikuwa kibarua wa reli. Wale wanaorudisha kokoto chini ya mataruma maji yakizibeba. Mnaoijua Kilosa mnajua maji yetu. Mto ukishafurika na kurudi, udongo wa juu unakuwa umeondoka, na vya chini vinabaki vinaonekana.

Hapo ndipo baba aliokota ya kwanza, kwenye kona ya shamba huko Masanze. Sarafu ndogo ya shaba, taji upande mmoja, majani upande mwingine. Hela ya Mjerumani. Tena hili neno hela tulilolizoea lilitoka kwenye sarafu zile zile, baba alipenda kumweleza hivyo kila mtu, hata asiyeuliza.

Kuanzia hapo, kila masika yakiisha, alipita mashambani Masanze na Kisanga kuuliza waliolima. Wakimpa bure, alichukua. Wakitaka hela ya soda, alitoa. Miaka thelathini na zaidi.

(Najua kuna mkuu atauliza kuhusu rupia na mali ya Mjerumani. Hapana. Hakuna kilichofukiwa, hakuna ramani, hakuna zebaki ya matapeli. Msinifuate inbox.)

Zile za kawaida aliziuza Mikumi, kwa Kondo. Kondo ana kibanda cha vinyago na bangili kando ya barabara kuu, wageni wa mbugani wanashuka hapo. Mimi nilikuwa namsindikiza baba kwa sababu macho yake yalishaingia ukungu. Kondo alikuwa akimwona tu anaanza.

"Shikamoo mzee. Umeniletea chuma chakavu tena?"

"Marahaba. Chuma chakavu ni hivyo vinyago vyako, vina mwezi mmoja unasema vya babu."

Kondo anacheka, anatoa kigoda.

Lakini zile arobaini na moja hakuwa anauza. Zilikuwa zimepangwa kwa miaka yake. Nilimshonea vifuko vya vipande vya kitenge, kila sarafu na kifuko chake. Kubwa kuliko zote ilikuwa ile iliyogongwa Tabora wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, kwenye karakana ya reli. Hiyo aliipenda kuliko zote. Alikuwa anasema, "Hii ni ya watu wa reli. Hii ni ndugu yangu."

Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, kwa hiyo alizijua kwa kidole gumba na kwa pua. Wajanja wanachemsha sarafu mpya na chumvi ili zionekane za kale. Baba ananusa tu, anakurudishia. Alisema ya kweli inanuka udongo wa mvua ya kwanza.

Sasa kulikuwa na mzungu mmoja, mzee mstaafu, Kiswahili chake cha kuombea maji. Alikuja kila mwezi wa saba, tukamwita Bwana Julai. Yeye alikuwa mkusanyaji kweli, siyo wa kununua bangili. Mwaka 2019 alikaa na baba kibandani kwa Kondo kutwa nzima, wanapokezana sarafu bila maneno mengi.

Jioni yake akasema, mwakani nitazichukua zote pamoja. Sitazitenganisha. Nitaziweka kwenye kabati la kioo, na chini nitaandika jina lako na Kilosa.

Baba hakuuliza bei. Njiani kurudi aliniuliza mara mbili: "Alisema ataandika jina?"

"Amesema, baba."

Hicho ndicho alichokuwa anakitaka, wakuu. Jina lake likae mahali. Miaka yote ile kwenye reli, na hakuna hata taruma moja lililoandikwa jina lake.

Machi 2020 wageni wakakatika. Siyo kupungua, kukatika. Nilienda Mikumi nikakuta vibanda vimefunikwa maturubai. Kondo akaacha vinyago akaniagiza barakoa za kitenge, nikawa nashona mimi anauza yeye. Watu waliokuwa wanamletea baba sarafu wakaacha, wengine wakaziuza kwa kilo pamoja na misumari.

Mwezi wa saba ulifika, Bwana Julai hakufika. Ndege zilikuwa za kuhesabu. Baba alivaa koti lake akakaa nje wiki nzima ya kwanza, kama mtu anayesubiri treni.

Halafu Januari 2021 Kondo akapiga simu. Bwana Julai kamtafuta. Anasema huko kwao watu wamefungiwa ndani, hawana pa kwenda, na sarafu za kale zinanunuliwa online kuliko wakati wowote. Bei zimepanda. Lakini yeye hataki za kuuza, anataka zile zile alizoahidi kuzichukua. Kwa kuwa hawezi kuja, apigiwe picha kila moja, mbele na nyuma, halafu atatafuta njia ya kuzisafirisha.

Baba alifurahi mpaka akaimba. Tukapanga nikimaliza kushona sare za watoto wa shule, tutazipiga picha.

Nilipomaliza, baba alikuwa ameanza kukohoa.

Ugonjwa gani sitasema, kwa sababu hatukupimwa. Nitasema tulichofanya. Tulifanya kama wengine, kujifukiza nyungu asubuhi na jioni: limao, mchaichai, mwarobaini, tangawizi. Nilikuwa namfunika blanketi, namsikia humo ndani anahema.

Siku ya tatu, baada ya nyungu, alilala. Mimi nikaona nifanye ile kazi ya picha ili akiamka nimpe habari njema. Nikafungua vifuko. Nikaziona zilivyo nyeusi, nyingine na ukijani pembeni. Nikaona aibu.

Kwetu mgeni akija, sufuria linasuguliwa mpaka ujione uso. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Huwezi kumwonyesha mgeni sufuria lenye masizi. Sasa huyu mgeni anaangalia kwa picha, kutoka mbali, na kwa picha anaona uchafu tu. Tena nikawaza, zimeshikwa na watu wengi, na redio inasema nawa, takasa.

Nikazimwaga zote kwenye beseni la maji ya nyungu ya baba, bado ya moto. Nikakamulia malimao yaliyobaki. Zikabadilika rangi pale pale nikiangalia, nikafurahi. Nikachukua majivu na mchanga laini nikazisugua moja moja, kama sufuria. Ile ya Tabora niliisugua zaidi kwa sababu ndiyo aliyoipenda.

Ziling'aa wakuu. Nilizipanga kwenye mkeka juani, zikawa kama za dukani. Nikapiga picha, nikamtumia Kondo, akazituma.

Kondo alipiga kesho yake asubuhi. Hakusalimia.

"Dada, umezifanya nini zile sarafu?"

"Nimezisafisha."

Akanisomea ujumbe wa Bwana Julai, nadhani alitumia mashine ya kutafsiri: *Mwambie mzee pole sana. Zimesuguliwa. Rangi ile ilikuwa miaka mia moja. Haiwezi kurudi. Siwezi kuzichukua.*

"Na mimi nimekosa," Kondo akasema. "Niliona, nikasema labda ni mwanga wa jua."

Nilikaa kwenye cherehani bila kushona.

Jioni ile baba aliniita. Homa ilikuwa juu. Akasema, "Niletee ndugu yangu." Nilijua anataka ipi.

Nikaileta kwenye kifuko chake. Akaitoa, akaipitisha kidole gumba. Sijui kidole kilisikia nini. Akaipeleka puani.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kitandani, na nilisikia harufu ya limao kutoka pale niliposimama.

Yeye akanusa. Akanusa tena. Akasema, "Haina harufu."

Kisha akauliza, "Ni mimi au ni yenyewe?"

Wakuu, mimi siyo mtu wa uongo. Hata nguo ya mteja nikiikata vibaya, namwita namwambia. Lakini nilimwangalia nikasema, "Ni wewe, baba. Ugonjwa umeziba pua. Yenyewe iko vile vile."

Akatulia. Akasema, "Basi afadhali iwe mimi. Pua itarudi."

Akaniambia niirudishe kifukoni isipate vumbi. Akauliza kama picha zilienda. Nikasema zilienda. Hilo lilikuwa kweli.

Alifariki siku ya nne baada ya hapo, alfajiri. Tulizika watu wachache, tumesimama mbalimbali, katekista anasoma upesi. Nilitaka kuweka ile ya Tabora kwenye jeneza. Nilikuwa nayo mfukoni mpaka mwisho. Niliona aibu, sikuiweka.

Mwaka jana nilizibeba zote kwenda Mikumi. Wageni wamerudi, magari yamejaa, vibanda vimepakwa rangi mpya. Nilimsalimia Kondo, ameota mvi. Nilimuuliza habari za Bwana Julai. Akasema namba yake haipatikani tangu mwaka ule ule. Hajui kama yupo.

Akazimwaga sarafu mezani, akazigeuza kwa kidole.

"Hizi naweza kuzitoboa nikafanya hereni. Zinang'aa, zitatoka haraka."

"Sitaki zitobolewe."

"Sasa unataka nini, dada yangu?"

"Nataka kuzirudisha Masanze, pale alipookota ya kwanza. Nizifukie."

Akaniangalia. "Unataka kupanda hela?"

"Ndiyo."

Akacheka, na mimi nikacheka, halafu yeye akaacha kwanza. Akasema, "Mzee angeniambia zitaota vizuri kuliko vinyago vyangu." Akanisaidia kuzirudisha kwenye vifuko, moja moja, na nauli ya kurudi akanilipia.

Kwa hiyo yule jamaa aliyeuliza, jibu langu ni hili. Mikumi soko lilikufa, kwa wenzetu likapanda, na njia pekee ya kufika kule ilikuwa picha. Mimi nikaipamba picha. Wenye vitu vya wazee nyumbani, msivioshe. Muulizeni kwanza mwenyewe, hata kama amelala, mwamsheni. Na akikuuliza mwambie ukweli, kwa sababu akishaondoka hawezi kukuuliza tena.

Mwenye ujuzi wa shaba na udongo naomba aniandikie hapa chini, inachukua muda gani rangi kurudi. Hata kama ni jibu la kuumiza. Na kama kuna mliowahi kumdanganya mgonjwa, nanyi semeni, nisikae peke yangu kwenye huu uzi.

Nilizifukia Masanze, kwenye kona ile ya shamba, mvua zilipoanza. Vifuko nilivitoa.

Jana asubuhi nilienda, mvua ilikuwa imekatika. Nilifukua ile ya Tabora. Imeanza kuwa nyeusi, na pembeni kuna ukijani mdogo. Taji halionekani vizuri, pale niliposugua sana pamekuwa laini.

Nikainusa. Limao limeisha. Inanuka udongo wa mvua.

Nikaifukia tena, nikanawa mikono kwenye dimbwi, nikarudi nyumbani.