Filamu za Angani Katika Kituo cha Majani Chai

Likizo hii ya Aprili nimetazama filamu tatu za mambo ya angani, na nina maoni. Niwie radhi, rafiki yangu, maana hakuna aliyeniomba maoni hayo. Mimi ni mfanyakazi wa ofisi hapa Embu mjini, na filamu zenyewe ni za binti yangu wa kidato cha pili. Huziweka kwenye kompyuta baada ya chakula cha mchana, kisha huniita, "Mami, kuja uone hii. Hii utaipenda."

Ya kwanza sikuipenda. Meli za angani zilipigana kwa zaidi ya saa mbili, zikalipuka vizuri sana, na muda huo wote sikuona mtu hata mmoja akila. Mimi filamu naipima kwa jiko lake. Kama watu wako safarini miaka mitatu, nionyeshe basi anayepika na anayeosha sufuria. Ya pili ilikuwa ya mwanamume anayerudi nyuma katika wakati ili azuie ajali. Hiyo sikuielewa mpaka binti yangu alipochukua daftari akanichorea mishale, akinieleza polepole kama mwalimu wa chekechea. Maelezo yake yalinipendeza kuliko filamu. Ya tatu ndiyo iliyonishika. Mwanamke amebaki peke yake katika chombo kilichoharibika, anaita kwa redio isiyomjibu, na unapodhani sasa atajibiwa, skrini inakuwa nyeusi na majina yanaanza kupanda.

"Sasa alifika nyumbani ama hakufika?" niliuliza.

"Hawasemi, Mami. Hiyo ni ya kujifikiria mwenyewe." Akafunga kompyuta, akaenda jikoni kutafuta kitu cha kutafuna.

Nilibaki kwenye kiti nikitamani mtu wa kubishana naye. Hapo ndipo nilipowakumbuka watu niliokuwa nikibishana nao kuhusu filamu za aina hii nilipokuwa mtoto. Walikuwa wanawake kama kumi na watano, na kila mmoja alikuwa na kikapu mgongoni.

Ngoja nikueleze vizuri. Nililelewa na nyanya yangu Kibugu, kule juu karibu na msitu, mahali ambapo Julai unaamka ukidhani moshi umeingia nyumbani kumbe ni ukungu. Kila mtu alikuwa na chai. Asubuhi unachuma majani mawili na chipukizi, na alasiri unabeba kikapu mpaka kituoni, kibanda cha mabati chenye meza ndefu za wavu. Hapo unayatandaza majani na kuyachambua, ukisubiri lori la kiwanda lije na karani wake na mizani yake.

Lori hilo lilikuwa na tabia zake. Barabara ikikauka lilikuja mapema. Mvua ikinyesha lingeweza kuja kabla tu ya giza, au likalala njiani. Na majani hayajui kusubiri. Ukiyaacha yamebanana yanapata joto, yanageuka mekundu, na karani hayapokei. Kwa hiyo wanawake walisimama pale wakiyageuza kwa mikono, saa baada ya saa, mvua ikipiga mabati na harufu ya majani mabichi ikijaa kibandani, nzito kiasi kwamba niliweza kuionja. Waligawana nduma za kuchemsha. Waliongea Kiembu, wakamaliza habari zote za ukoo na za kanisa, na lori bado.

Sasa, karibu na soko kulikuwa na chumba cha mbao tulichokiita video. Ndani kulikuwa na mabenchi na televisheni moja, na nyuma jenereta iliyonguruma kuliko filamu. Mwenye video alipenda sana filamu za angani, na kila Jumamosi alasiri alileta kanda moja kutoka Embu. Akina mama wa kanisa hawangeweza kuingia humo. Mama mwenye kitambaa cha chama cha wanawake aonekane akitoka video? Angesemwa mwezi mzima. Lakini walitaka kujua yanayoonyeshwa huko ndani. Wakapata njia, na njia yenyewe ilikuwa mimi.

Nilikuwa darasa la sita. Nyanya alinipa kiingilio na maagizo. "Unaenda kwa niaba yetu," alisema. "Angalia kila kitu. Na usilale." Jumatatu nikitoka shule nilipita kituoni, nikapanda juu ya debe lililopinduliwa, nikasimulia. Kiingereza nilikijua nusunusu, kwa hiyo mengine niliyasoma kwenye nyuso za waigizaji.

Sijawahi kukutana na wahakiki wakali kama wale. Niliposimulia ya viumbe wenye vichwa vikubwa walioshuka kijijini kwa taa kali, jirani yetu, mama mwenye sauti nzito ambaye shamba lake lilipakana na letu, aliuliza, "Walipiga hodi?" Nikasema hawakupiga. "Basi wanastahili kupigwa risasi," akasema, na kesi ikaisha. Niliposimulia ya mtu aliyerudi miaka ishirini nyuma, nyanya alitikisa kichwa. "Miaka ishirini? Yale majani yote nimeshachuma, halafu unirudishe nianze upya? Huyo hana akili." Wakacheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini.

Halafu ikaja Jumamosi ya ile filamu ya mashine.

Ilikuwa hivi. Katika sayari ya mbali, watu wamejenga shamba chini ya paa la kioo. Ugonjwa unaingia. Wote wanapanda meli kurudi duniani, na wanaiacha mashine moja ya kuvuna, yenye mikono mirefu na jicho moja. Wanaiambia iendelee kuvuna, wao watatuma meli ije kuchukua. Mashine inavuna. Inapanga vikapu mlangoni, inainua jicho juu, inangoja. Mboga zinaoza, inazitupa, inavuna tena. Miaka inapita. Vumbi limefunika kioo, mkono mmoja umeshika kutu, nayo inavuna kwa mkono mwingine. Halafu juu kabisa mbinguni nikaona kinukta cha mwanga.

Na jenereta ikazimika. Mafuta yalikuwa yameisha. Watu walipiga kelele, wakapiga mabenchi, lakini mwenye video alisema twende nyumbani.

Jumatatu ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Niliposimulia habari ya mashine, hakuna aliyecheka. Mikono iliendelea kugeuza majani, lakini macho yote yalikuwa kwangu. Mimi mwenyewe sikujua kwa nini kimya kilikuwa kikubwa hivyo. Sasa ninajua, na nadhani na wewe umeshajua: lori lilikuwa limechelewa, na majani yalikuwa yameanza kupata joto.

"Na kile kimwanga?" jirani akauliza. "Ilikuwa meli?"

Ningeweza kusema sikuona. Lilikuwa neno moja tu. Lakini niliwatazama, wamelowa mpaka magotini, nikasikia kinywa changu kikisema, "Ndiyo. Ilikuja."

Kibanda kizima kilipumua. Kisha yakaja maswali kama mvua. Nani alishuka? Mwanamke, nikasema, mzee. Amevaa nini? Nikatazama huku na huku, nikasema amevaa kitambaa cha kijani na viatu vya mpira, gambuti. Aliiomba msamaha? Aliiomba. Alisemaje? Alisema, "Pole kwa kukungojesha, tuliharibikiwa njiani." Na zile mboga zilizooza? Zilipimwa zote, nikasema, hata zilizooza, na hakuna kilichokataliwa. Hapo wakapiga makofi. Mama mmoja alijipangusa macho kwa ncha ya leso. Nyanya peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama.

Lori lilikuja dakika chache baadaye, na karani akapokea karibu kila kitu. Nilirudi nyumbani nikijiona malkia.

Ufalme wangu ulidumu hadi Jumamosi. Mwenye video, kwa kuona haya, alileta kanda ileile tena ili watu waone mwisho. Nikaenda, nikakaa benchi la mbele, na nikaona kwamba kile kinukta cha mwanga kilikuwa nyota tu, iliyopita zake. Hakuna meli iliyokuja. Mashine ilisimama mlangoni, mkono umejaa, jicho likafifia taratibu, basi.

Nilitembea kwenda nyumbani polepole. Nyanya alivumilia mengi. Ningevunja sahani, ningepoteza jembe, angenung'unika kidogo akasahau. Uongo hakuuvumilia. Mjukuu wa jirani, kwa uongo mmoja, alikuwa amekatazwa kukanyaga kwetu mwaka mzima. Na mimi nilikuwa nimewadanganya rafiki zake wote mbele yake, nikiwa nimetumwa kwa niaba yao. Niliona wazi nitakachopoteza. Haikuwa video. Ilikuwa lile debe lililopinduliwa, na zile nyuso, na nyanya akiwaambia watu, "Subirini, mtoto wangu atawaeleza."

Jumapili baada ya kanisa mimi na nyanya tulikuwa tukichambua maharagwe kwenye ungo. Nikasema, "Cucu, ile meli haikuja. Nilitunga."

Aliendelea kuchambua. Akatupa jiwe, akatupa jingine. "Nilijua," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Mtu anashuka kwenye meli ya angani na kitambaa changu na gambuti zangu, na unaniuliza nilijua vipi?" Nilidhani atatabasamu, lakini hakutabasamu. "Kesho utawaambia wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa nimesimama hapo."

Jumatatu nilipanda juu ya debe. Niliwaambia yote: jenereta, uongo wangu, kinukta kilichokuwa nyota, jicho lililofifia.

"Haikuja?" jirani akauliza.

"Haikuja."

"Hata kutuma mtu?"

"Hata kutuma mtu."

Akaweka chini majani aliyoshika. Nilifunga macho nikingoja kugombezwa. "Hao waliotengeneza hiyo kitu," akasema kwa ile sauti yake, "hawajawahi kungojea chochote. Hawajui! Mtu aliyewahi kungojea lori hawezi kumaliza hadithi namna hiyo. Ningekuwa nao hapa ningewapa kikapu."

"Wanajua," akasema mwanamke mwingine, mkimya, ambaye hakuwa na kawaida ya kuchangia. Mume wake alikuwa ameenda kufanya kazi Mombasa, kisha barua zikakoma. "Mimi huo mwisho wa pili ndio naujua."

 Nyanya akamsogezea kipande cha nduma, na ubishi ukaanza upya, kwa upole zaidi. Wengine walisema mashine ingeenda kuitafuta meli yenyewe. Wengine walisema kosa ni la walioondoka, na kwamba filamu ilipaswa kuwafuata hao tuone kama wanalala usingizi. Walibishana mpaka lori likafika, na karani akapiga honi mara mbili kabla ya mtu kugeuka.

Jirani alipoinua kikapu chake alinigeukia. "Wewe kairitu," akasema, jina wanaloitwa wasichana wadogo kwetu, "siku nyingine ukikosa kuona mwisho, tuambie hukuona. Halafu utupe wako."

Nyanya nami tulishika njia ya nyumbani. Tulipofika kwenye daraja la miti, ambapo ilibidi tutembee mmoja mmoja, alisema kutoka mbele yangu, bila kugeuka, "Hizo gambuti zangu unajua zimetoboka. Ungemvalisha yule mama zilizo nzima." Ndipo nilipojua kwamba Jumamosi nitatumwa tena.

Sasa vile vitu havipo. Chumba cha video kimekuwa duka la dawa za mifugo. Barabara imewekwa lami, lori linakuja kwa wakati, na hilo ni jambo jema, sitaki ufikiri ninalilia matope. Nilipopita kituoni mwaka jana niliona wanawake watano wakingoja, kila mmoja akitazama simu yake, na mmoja alikuwa anacheka peke yake na kitu ambacho wenzake hawakukiona. Nyanya amelala juu ya shamba, upande wa migomba. Jirani alimfuata. Yule mkimya alihamia Siakago kwa ndugu zake, na sikupata kusikia habari zake tena.

Binti yangu ameniambia kwamba nikikumbuka jina la ile filamu ya mashine, yeye anaweza kuipata kwa dakika moja. Silikumbuki, wala sijajitahidi sana. Nitakwambia ukweli: ule mwisho niliouona kwa macho yangu umeanza kunipotea, sijui tena kama jicho lilikuwa jekundu au buluu. Lakini yule mwanamke mzee akishuka kwenye ngazi ya meli, akisema pole, tuliharibikiwa njiani, huyo namwona vizuri kabisa. Nasikia pia wanaouliza amevaa nini, na alisemaje, na kama kila kitu kilipimwa. Wakati mwingine, filamu ikiisha na nyumba ikiwa kimya, bado ninawajibu.