Damari na Kijiko Bila Kilima

Siku nilipomwona Damari kwa mara ya kwanza alikuwa amechuchumaa nje ya jiko la kituo cha afya, karibu na Nduguti, anakwangua ukoko wa uji kwenye sufuria. Nilikuwa nimembeba binti yangu Ritha, mwaka mmoja na miezi miwili, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya kutu. Mama yake tulikuwa tumemzika kabla ya mavuno. Nikamwamkia Damari shikamoo kwa sauti ndogo. Aliitikia, akamtazama mtoto, akaacha kukwangua. Hilo lilinitia hofu kuliko maneno yote ya daktari.

Alikuwa mpishi wa wodi ya watoto, mama mtu mzima anayechechemea mguu mmoja. Wauguzi aliongea nao Kiswahili, sisi tuliolaza watoto akatusemesha Kinyiramba. Kwa wiki tatu alimpikia Ritha mpaka uvimbe ukaisha.

Tuliporuhusiwa, muuguzi alinipa karatasi ya uji wa nyumbani. Unga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vyote kwa gramu. Mizani sina, na kusema niliona aibu. Damari aliona jinsi nilivyoikunja ile karatasi. Akaazima mizani ya wodini, akapima kila kitu, halafu akakihamisha kwa kijiko cha chakula huku akihesabu. Alinieleza kwamba maziwa ni mepesi na sukari ni nzito, hivyo gramu zilezile hazitoi vijiko sawa. Akaandika hesabu ya vijiko nyuma ya karatasi, na kijiko chenyewe akanipa.

Siku ya nne tangu turudi nyumbani Ritha akaanza kuharisha. Kesho yake macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimfunga mgongoni nikapanda bodaboda, na njia nzima mkono wangu ulikuwa nyuma, nasikilizia kama bado anapumua.

Wauguzi walimpokea, mimi nikabaki nimeegemea ukuta wa jiko. Damari akaniletea bakuli la sukari, akataka nimwonyeshe ninavyopima. Nikachota, nikapandisha kilima. Kwetu anayefuta kipimo kwa kijiti huitwa mchoyo, na mimi nilikuwa nampimia mwanangu.

“Baba Ritha, unalisha mtoto au unauza ulezi mnadani?”

Hakucheka. Alipitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, na sukari iliyodondoka mezani ilikaribia kujaza kijiko kingine. Kumbe sukari hiyo ya ziada ndiyo iliyokuwa ikimharisha. Akasema kosa ni lake pia, maana yeye alipima kwa kufuta akadhani nimeona.

Siku mbili Ritha alilala tu, na mimi sikuthubutu kusinzia. Ya tatu akanyoosha mkono kwenye kikombe cha uji. Damari alinipimisha mbele yake mara kumi, nafuta kila kijiko, ndipo Alhamisi akakubali tuondoke, turudi kliniki Jumatatu.

Jumatatu tuliporudi kliniki nilikuta mpishi mwingine. Mguu ulikuwa umemzidi Damari, wamempeleka Manyoni kwa dada yake, na huko ndiko alikofia baadaye. Ritha yuko darasa la pili sasa. Mimi bado nasikia sauti ya Damari alipotusindikiza getini siku ile ya Alhamisi, akiongea taratibu bila kunitazama usoni:

“Pima kama ulivyopima leo. Na Jumatatu, baba, usije peke yako. Uje naye.”