Krismasi Ambayo Mama Aliketi

Mwaka 2012 nilikuwa nimemaliza darasa la nane miaka miwili kabla, na sikuwa nimeendelea. Nilikaa Lodwar na mama, nikimsaidia kwenye kibanda chake cha chai karibu na stendi. Sikuwa mtu wa maneno. Wateja walizoea kuniambia wanachotaka bila kungoja niwajibu. Lakini nilipenda kutazama, na kuna jambo moja nililitazama kwa miaka mingi bila kulielewa: sikuwahi kumwona mama ameketi siku ya Krismasi.

Siku nyingine aliketi. Hata kibandani, wateja wakipungua, alivuta kiti akanyoosha miguu. Krismasi ikifika alikuwa mtu wa kuinama na kuinuka. Aliipikia kwaya. Alikaanga mandazi ya akina mama wa kanisa. Alifua vitambaa vya madhabahu. Mbuzi alichinjwa kwetu, na moshi ukishaonekana jirani hangoji kuitwa. Juu ya hayo yote, kutoka Kakuma alikuja mdogo wake, pamoja na mume wake na watoto watano. Jua likitua mama hakuwa na sauti. Nilijiuliza kama anaipenda siku hiyo. Sikumwuliza, kwa sababu swali kama hilo mama yako anaweza kulisikia kama lawama.

Mwisho wa Novemba miguu yake ilivimba. Mhudumu wa zahanati alimwambia apumzike, naye akamwuliza apumzike saa ngapi. Hata hivyo aliporudi nyumbani aliniambia nichukue daftari niandike yote aliyoahidi watu kwa ajili ya Krismasi, apate kuona ni yapi ya kuanza mapema.

Mimi huandika polepole. Hata shuleni mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika nusu. Mama akisema jambo, ilimbidi angoje nimalize ndipo aseme lingine, na katika kungoja huko alianza kusikia maneno yake mwenyewe. Nilipokuwa bado naandika neno madhabahu, akauliza, kama anayeuliza ukuta, "Hivi ni nani aliniambia nifue hivyo vitambaa?"

Tukafikiri. Hakuna aliyemwambia. Mwaka fulani aliviona vina vumbi, akavifua, na tangu siku hiyo vikawa vinaletwa nyumbani kwetu.

"Na mandazi?" niliuliza. Nilishangaa kuisikia sauti yangu.

Mandazi yalikuwa zamu ya mwanamke mwingine aliyekuwa amejifungua, na mama alimshikia zamu mara moja tu. Mtoto huyo sasa alikuwa anasoma nasari.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Futa," alisema. Nikafuta kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Tukafuta vitambaa, tukafuta mandazi, tukafuta chakula cha kwaya, maana kwaya ilikuwa na watu wazima wenye mikono. Alisita kidogo kwa mbuzi, kisha naye akafutwa. Likabaki jambo la mwisho, la mdogo wake.

"Hilo usiliguse," mama alisema, akaondoka akaenda kuchambua mchele.

Nilielewa. Kwa bibi yangu walizaliwa watoto sita na wamebaki hao wawili. Walikulia Kaaleng, na mwaka wa njaa mama ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni na kumtafutia chakula. Hata sasa, wote wakiwa wameanza kuota mvi, aliona kwamba mkubwa ndiye hupika. Alitaka Krismasi moja ya kukaa chini, lakini aliogopa kwamba ndugu yake pekee akiambiwa asilete familia atasikia neno moja tu, kwamba amekataliwa.

Siku mbili hakulitaja. Siku ya tatu, tukiosha vikombe, alisema niende Kakuma mimi. Nilimwuliza kwa nini asipige simu. "Kwenye simu hataona uso," alisema. "Wewe una uso wangu. Nenda nao."

Nilienda na gari la asubuhi, wiki moja kabla ya Krismasi. Njiani nilitunga maneno. Nilitunga kwamba mama anakusalimu sana, kwamba miguu yake imevimba, kwamba anakupenda na anaomba mwaka huu tu mpumzike kila mtu kwake, na tutaonana Januari. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila gari liliporuka nilirudia kutoka mwanzo. Tulipovuka laga ya mwisho, ule mto wa mchanga usio na maji, nilikuwa nimeyashika yote.

Mama mdogo alikuwa na meza ya mboga kwenye barabara inayoelekea kambi ya wakimbizi. Sikuwahi kumwona akiwa kazini, na nilimtazama kama mtu mgeni. Alimjibu Msomali wa duka la jirani kwa Kisomali kidogo, akamkaripia mwanamke Mkongo kwa Kiswahili cha mwanamke huyohuyo, kisha akanigeukia kunisalimu kwa Kiturkana: "Ejok." Watoto wake walikuwa wamechukua maneno ya kila upande. Nilitaka kujua anawezaje kukumbuka ni nani wa kuambiwa nini, na kwa lugha gani. Mimi nilikuwa na ujumbe mmoja tu na sikujua niuanzie wapi.

Siku ya kwanza sikusema kitu. Alidhani nimekuja kuwasaidia kufunga mizigo, akafurahi. Siku ya pili alitoa begi kubwa aliloazima, akawapanga watoto mstari mmoja na kuanza kuwajaribisha viatu vya safari. Mkubwa alilalamika kwamba vinabana. Mama mdogo akamwambia miguu ndiyo imekuwa mirefu kama ulimi wake. Kila kiatu kilichoingia mguuni kilinifanya nione nimechelewa zaidi. Alipoinama kumfunga kamba yule mdogo wa mwisho, nilifungua mdomo, na badala ya yote niliyotunga yakatoka maneno matatu ambayo sikuyatunga.

"Mama amesema msije."

Mikono yake ilisimama kwenye kamba.

"Tusije," alisema.

"Ndiyo."

Aliwaambia watoto watoke nje. Walitoka na viatu mguuni, hakuwavua. Akakaa juu ya begi, akaniuliza bila kupandisha sauti kama nilisafiri njia yote ile kumletea neno hilo. Hapo nililia, na kulia kukanifungua. Nikamweleza miguu ya mama, na zahanati, na daftari, yote kwa mpangilio mbaya. Alisikiliza akitazama mlango.

"Nani mwingine hamtaki?" aliuliza.

Daftari nilikuwa nalo. Nililibeba bila kujua la nini. Mama mdogo hakusoma shule, akaniambia nisome. Nilisoma nikifuata kwa kidole, pamoja na yaliyofutwa. Kwenye vitambaa vya madhabahu uso wake haukubadilika. Kwenye mandazi ya yule mwanamke aliyejifungua, mdomo ulimcheza. Nilipofika kwenye kwaya alinisimamisha.

"Ngoja. Zote hizi aliahidi mwaka mmoja?"

"Kila mwaka, mama mdogo."

"Dada yangu anaahidi kama mtu anayetaka kiti," alisema. "Mwezi wa tatu apigiwe kura."

Wakati huo wagombea walikuwa wakipita Kakuma kila wiki na vipaza sauti. Nilicheka nikiwa bado nafuta machozi, naye akacheka. Nilidhani yamekwisha. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi.

"Unajua mimi huko Lodwar naona nini? Miaka sita nakuja na hawa watoto, wanatapika njia nzima. Nikifika, dada yangu ananisalimu, anageuka kwenye moto. Naona mgongo wake. Nakula, nalala, napanda gari narudi. Wewe hata ungeniuliza kama amenenepa au amekonda, ningekuambia ya mgongo."

Nilimwuliza kwa nini basi anakuja. Lilikuwa swali la kijinga, lakini nilitaka kujua kweli.

"Nisipokuja atasema nimemsahau."

Kwa hiyo miaka yote sita huyu alikuja ili yule asiumie, na yule alipika ili huyu asiumie. Nilikunja daftari. Yeye alisimama, akatoa nguo za watoto kwenye begi moja moja, akabakiza kanga mbili zake.

"Nitakuja peke yangu," alisema. "Na mwambie akisimama kwenda jikoni, mimi narudi na gari hilohilo."

Watoto walipoambiwa, wanne waliruka kwa furaha ya kuepuka barabara. Yule mdogo wa mwisho alilia. Kila Krismasi kwetu alichomewa figo ya mbuzi, na hakuna aliyekuwa amemkumbuka katika hesabu za wakubwa. Baba yake aliahidi kumtafutia. Sijui kama alimtafutia.

Krismasi yenyewe ilinishangaza kwa udogo wake. Mandazi yalikaangwa na mtu mwingine na hakuna aliyeuliza habari za yale ya mama. Hilo lilimwuma kidogo, niliona, ingawa alisema ni vizuri. Jirani yetu alikuja kabla ya saa sita, akatazama jiko lisilo na moshi, akaniuliza pembeni kama tuna msiba. Nikamwambia hapana, mama amekaa tu. Alichungulia uani kuhakikisha. Nikampa chai, akainywa amesimama, akaenda kuwaambia wengine.

Chakula nilikuwa nimepika siku iliyotangulia: maharagwe, na samaki wakavu wa Kalokol waliolowekwa. Mama alisema wazee wa kwao wangetuonea huruma, kula samaki sikukuu kama watu wasio na mifugo. Tulikula tukashiba.

Kisha wakakaa kwenye kivuli cha ukuta, yeye na mdogo wake, na mimi nikakaa mlangoni nikijifanya nachambua maharagwe ya kesho. Nilikuwa na hamu ya kusikia watu wawili waliongoja miaka sita wataanza na neno gani. Hawakuanza na lolote. Mama hakujua aweke wapi mikono. Aliokota kijiti, akakitupa. Aliinuka kidogo, mdogo wake akamshika sketi, akakaa. Akainuka tena, akashikwa tena. Jua lilihamisha kivuli na wao wakakifuata kwa makalio, bila kusimama.

Mama alipopiga mwayo, mama mdogo alimsogelea.

"Hilo jino la juu limeenda wapi?"

"Lipi?"

"Hilo la pembeni. Sisemi ya chini tuliyong'olewa kwa mila tukiwa wadogo. Hili."

"Lilivunjika kwenye mfupa, nikionja mchuzi."

"Lini?"

Mama alifikiri. "Mwaka juzi. Krismasi."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa hapa," mama alisema.

Mama mdogo alimshika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga, akamwambia afungue mdomo aone vizuri. Mama akafungua.