Pumzi ya Khocha Wekesa

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote nilikuwa nimesimama katika duka la vyombo vya muziki hapa Kitale, pesa ya mahindi mfukoni, naangalia maikrofoni mbili. Sijui kama mimi ni mtu wa kutoa nasaha. Niliishia darasa la nane, na mengi ninayoandika kwa hiki kidaftari huyafuta kesho yake. Lakini umeniambia unatafuta maikrofoni ya kondensa, ile inayoshika hata sauti ndogo, ya bei ya chini, umrekodi nyanya yako nyumbani. Hilo moja nalijua, kwa sababu liliniuma.

Moja ilikuwa ndogo, nyeusi, imesimama kwa miguu mitatu. Ya pili ilikuwa kubwa, rangi ya dhahabu, kama zile za kwenye picha za waimbaji. Mwenye duka, mzee Kalasinga wa kilemba cha buluu, aliniuliza nitaichomeka wapi. Nikamwambia, kwa kompyuta ya kuazima.

"Basi chukua hii nyeusi, kijana," akasema. "Waya yake inaingia kompyuta moja kwa moja. Hii kubwa ni nzuri sana, lakini inataka umeme yake kutoka kwa kisanduku. Bila kisanduku ni bubu."

Kisanduku nacho kilikuwa kinauzwa hapo hapo. Nikajiambia, huyu anataka kuniongezea mzigo tu. Nilimdhania vibaya, na nisipoandika hivyo nitakuwa mwongo: aliyenishauri ninunue cha rahisi angekuwa ananinyonyaje? Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kiburi. Nikabeba ile ya dhahabu peke yake.

Nilikuwa naitafutia sauti ya khocha wangu, ndugu ya mama, Khocha Wekesa, aliyekaa karibu na Malakisi kule Bungoma. Unajua sisi Wabukusu tunatahiri vijana mwezi wa nane, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mwingine hapana. Wimbo wa kumtoa kijana mtoni, anakopakwa tope alfajiri kabla ya kisu, Khocha ndiye aliyekuwa akiuongoza pale kijijini. Nje ya msimu hakuuimba hata umpe ng'ombe. "Utaimbaje wa mtoni na hakuna mtoto mtoni?" alikuwa akiuliza. Ila wiki ile mjukuu wake alikuwa anatahiriwa, kwa hivyo akakubali kuniimbia ndani ya nyumba, mara moja.

Nikafika Jumamosi, nikachomeka, nikabonyeza. Khocha akavuta pumzi ndefu, akaimba. Sauti yake ilianzia chini, kama mtu anayeburuta gogo, kisha ikapanda mpaka kuku nje wakanyamaza. Nilipofungua tusikilize, kulikuwa na sss peke yake, kama mchele unaomwagwa chumba kingine.

"Ati imetoka Kitale na bado haijajua kuongea?" akauliza Nekesa, binti yake. Walicheka, si kwa ubaya. Halafu Nekesa akatoa simu yake. "Baba, imba tena, nichukue na hii."

Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema simu itaharibu wimbo, nitarudi na kisanduku.

Khocha akaniangalia. "Wewe unataka wimbo ama unataka hiyo chuma?"

"Nataka utoke vizuri, Khocha."

"Haya. Leo ulikuwa umekubali kutoka."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, duka limefungwa. Nilikipata kisanduku Jumatatu, nikarudi nacho, lakini asubuhi hiyo hiyo mjukuu alikuwa ameshatoka mtoni. "Tuonane msimu mwingine, mpwa wangu," Khocha akasema, akaenda kuangalia ng'ombe zake.

Kabla ya msimu huo kiharusi kilimshika upande mmoja, pamoja na ulimi. Hata hivyo nilienda, mwezi wa nane ulipofika. Mzee wa duka alikuwa amekubali nibadilishe vile vyangu kwa ile nyeusi, wala hakunikumbusha alichoniambia. Tukaiacha nyumba ya mabati, maana mabati hurudisha sauti, tukaingia jikoni kwenye paa la nyasi, tukatundika blanketi mlangoni. Khocha akavuta ile pumzi ya kuanzia. Wimbo haukutoka. Akavuta tena. Mkono ulio mzima ukagonga goti, polepole, mapigo ya wimbo ule ule, mpaka akachoka.

Hicho ndicho nilichonacho. Kondensa ina masikio makali: imeshika kuni zikilia, Nekesa akimeza mate, kidole kwa goti. Maikrofoni ilifanya kazi yake yote, siwezi kuilaumu. Khocha tulimzika kabla ya mahindi kukauka. Siku nyingine naisikiliza, na pumzi yake ikijaa, mimi pia hujaza kifua, nangoja. Sijui nangoja nini. Ubeti wa kwanza nimeusahau.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Muulize mwenye duka itapata umeme wapi, na uijaribu mbele yake kwa kompyuta yako, hata kama watu wamepanga foleni. Ya bei ya chini inayokubaliana na ulicho nacho inatosha. Isogeze karibu na nyanya, shibiri moja hivi, na ukae mbali na mabati. Usiinunue kwa sababu ya rangi. Na ikikataa kuongea siku hiyo, na nyanya ameshafungua mdomo, toa simu. Ngojangoja huumiza matumbo, na yangu bado yanauma.

Pengine nimekosea mengine, ila hili sijakosea. Mungu amwachie nyanya yako sauti yake. Aimbe mpaka ubeti wa mwisho, nawe uwe umebonyeza.