Waridi Hatazami Ngumi

Shemeji yangu Crispin, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alininyang'anya sehemu yangu ya kuuzia mahindi ya kuchoma pale Igawa yanaposimama mabasi, na alininyang'anya kwa mchezo wa watoto. Nalisema hili kwanza, maana aliyemshindia mchezo huo ni Waridi, na Waridi nitamsifia mpaka nizikwe.

Sisi wanawake tunaouza barabarani tuna desturi yetu. Asubuhi tunafumba punje kujua nani atatangulia kwenye basi la kwanza. Mmoja anaficha punje ya mahindi nyuma ya mgongo, anatoa ngumi mbili, mwenzake anachagua moja. Akiipata punje, anatangulia. Akiikosa, anasubiri. Hakuna ugomvi.

Waridi hakosi. Anauza vitumbua, ni mama mtu mzima kuliko sisi, mnene, mpole. Alizaliwa Mlandege, Iringa, kwa watu wenye asili ya pwani, akiwa kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi. Ukoko wa wali kwao uligombewa kwa kufumba, na kaka zake walimfumbia wakijua atakosa. Alikosa mpaka akachoka kuwatazama wakitafuna. Ndipo akaacha kutazama ngumi, akaanza kuwatazama wao. Kufika umri wa kujifunga kanga, ukoko aliugawa yeye.

Nilimwona siku moja akicheza na utingo wa lori, kijana mwenye maneno mengi.

"Kushoto, baba," Waridi akasema, huku anageuza vitumbua.

"Bahati hiyo, mama. Tena!"

"Kushoto hukohuko. Watu wamekucheka, umeogopa hata kuihamisha."

Kijana akafungua kiganja, akakitazama kama cha mtu mwingine. "Mama, wewe mchawi!"

"Mchawi angekaa na moshi huu? Lete hela ya vitumbua uende."

Niliona kama anafungua vifua vya watu na kuchungulia ndani.

Crispin naye aliona kwamba Waridi hakosi. Mume wangu alipofariki, nilibaki na ile sehemu mbele ya banda alilolijenga, pale hasa mlango wa basi unapofungukia. Mwaka haujaisha, Crispin akaja na mkewe Evarista.

"Shemeji, hapa alipafyeka mdogo wangu. Ni mali ya ukoo."

"Na mimi niliolewa na ukoo upi?"

Wenzangu wakacheka. Crispin hakucheka. "Basi tusigombane. Si mnafumba hapa kila siku? Fumba. Mara mbili. Ukishinda, sitafungua mdomo tena; ukishindwa, unahama. Mimi siwezi kucheza na shemeji yangu, atachagua mtu mzima." Akaenda kumwita Waridi kwenye karai lake.

Kukataa mbele ya wenzangu kungekuwa kusema kwamba naogopa, au kwamba sina haki. Nikachukua punje.

Waridi alinisalimia kwanza, kama kawaida yake. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, mama." Nikapeleka mikono nyuma, nikatoa ngumi mbili.

"Marahaba. Kulia."

Ilikuwa kulia. Nikafumba tena.

"Sasa kushoto, mwanangu."

Ilikuwa kushoto. Evarista akaweka jiko lake pale kabla sijafunga kiganja.

Nilihamia mwisho wa mstari, ambako basi hupita limeshashika mwendo na abiria ananyoosha mkono asiweze kukufikia. Waridi nikamnunia. Yeye ndiye aliyenifuata, ameshika vitumbua kwenye sahani.

"Mwanangu, niliambiwa mnagombea zamu ya siku. Laiti ningejua, ningekosa."

"Ungeweza kukosa?"

"Kukosa ndiyo rahisi. Ukishajua ilipo, unataja kwingine."

Nikamuuliza alijuaje punje ilipo. Akaniambia.

"Ulinipa shikamoo. Mtu aliyelelewa hampi mkubwa wake kitu kwa mkono wa kushoto. Hata akificha, mwili unadhani unatoa. Ukaitia kulia. Nilipokufumania ukaona aibu, ukaikimbiza upande wa pili. Usitazame ngumi. Jiulize, huyu ananionaje?"

Sikukaa darasani, lakini nafikiri hakuna darasa lenye somo hilo. Tulicheza pembeni ya barabara mpaka mvua zikaisha. Nilikuwa nakosa. Kisha siku moja nikaanza kupata, na nikaogopa, kwa sababu niliwajua wenzangu wote upya: nani ananihurumia, nani ananicheka, nani ananitii bila kusema.

Crispin alipokuja tena kumtazama mkewe, nikamwendea mbele ya wote.

"Shemeji, tufumbe. Sasa wewe ufumbe, mimi nichague. Nikishinda mara mbili, jiko la Evarista lihame."

"Mimi na wewe? Si heshima."

"Au mpaka uazime macho ya mama Waridi?"

Kicheko kikapita mstari mzima. Akanyakua punje.

Nikajiuliza, huyu ananionaje? Jibu lilinijia haraka, likaniuma. Hanioni kuwa mtu wa kupewa kwa mkono wa kulia.

"Kushoto."

Ilikuwepo. Akafumba tena, jasho puani. Mimi nilipofumaniwa nilihamisha. Yeye je? Mwanaume anayeshindwa na mjane mbele ya wanawake hahamishi mkono. Kuhamisha ni kukubali kwamba amesomwa.

"Kushoto hukohuko, shemeji."

Ngumi aliifungua mwenyewe. Punje ilikuwa imelowa.

Waridi alikuwa amesimama na mwiko hewani. Sijapata kuona uso wa mtu unafurahi na kuhuzunika vile. Akasema kwa sauti, wote wasikie: "Amepata kwa haki. Mimi ni shahidi."

Crispin akaitupa punje barabarani. "Ulikuwa utani tu. Nani anagawa mali ya ukoo kwa punje?"

Evarista hakuinua jiko lake. Wenzangu, waliokuwa wakicheka sasa hivi, wakainamia mabeseni yao.

Mimi bado nipo mwisho wa mstari. Waridi hanidai wala simdai. Crispin ananidai utii wa shemeji, nami nautoa kila tukikutana, kwa mikono miwili. Yeye anadaiwa sehemu yangu mbele ya banda, pale mlango wa basi unapofungukia, na anadaiwa kutamka mbele ya watu walewale kwamba nilishinda. Na wenzangu walioona punje ile kwa macho yao wananidai chumvi na viberiti, lakini mimi nawadai neno moja tu: tuliona.