Majibu ya Thea Brandvold

Njia mbili zilimshinda fisi, wamesema wahenga. Lakini fisi yule angalau hakuwa na majirani wa kumuuliza anakwenda kufanya nini huko. Thea Brandvold alikuwa nao, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka ule barafu ilichelewa kutoka mtoni. Ardhi ilikuwa bado ngumu siku Curt, baba yake, alipotoka na nyundo akapigilia bango jekundu kwenye ukoka wa mbele ya nyumba yao, inayotazamana na yangu. Desturi hiyo ni ya juzi tu hapa Wisconsin. Mtoto akishachagua chuo, wazazi hutangaza kwa bango, kama wagombea wakati wa kura. Bango la Curt, lenye rangi ya chuo chenyewe, lilisema hapo anaishi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo. Shida ni kwamba mtoto alikuwa hajachagua.

Thea alitoka na soksi mpaka kizingitini.

"Baba, mimi sijasema ndiyo."

"Utasema."

"Na nisiposema?"

"Mwanangu, tangu unatambaa umevaa nyekundu kila Jumamosi ya mpira. Ulidhani tunavalia nini?"

Thea akaniona nimesimama kibarazani kwangu. "Mzee Orville, hebu mwambie."

"Nimwambie nini? Kashapigilia."

Curt akacheka. Thea alirudi ndani akaacha mlango wazi, na baridi yote ile.

Vyuo vilikuwa viwili na vyote vizuri, na hapo ndipo mateso yalipokuwa. Kimoja kingekuwa kibovu, binti angelala usingizi. Chuo cha Jimbo ni kikubwa kama mji na kina kila kitu, lakini wakati wa kuomba ulitakiwa kusema unakwenda kusomea nini. Thea alikuwa amesema uuguzi, kwa sababu Joleen, mama yake, ni muuguzi, na kwa sababu ilibidi aseme kitu. Wakampa. Nafasi hizo zinagombewa. Ukiiachia yako, mwenzako anaikalia, na kuirudia ni kudra ya Mungu. Chuo cha pili kilikuwa kidogo, juu ya kilima ng'ambo ya mto, katika jimbo la jirani. Huko hawakuulizi fani mpaka mwisho wa mwaka wa pili. Unaonja hiki, unaonja kile. Lakini hawana uuguzi wala uhandisi. Ukienda kule, milango hiyo umeifunga kwa mkono wako mwenyewe. Jibu lilitakiwa kabla ya Mei mosi kwisha.

Enzi zetu sisi hatukuchagua. Nilimaliza shule siku ya Ijumaa, Jumatatu nikawa kwenye kiwanda cha karatasi karibu na baba na mjomba, na hakuna aliyepiga makofi. Vitabu nilivisoma baadaye, peke yangu, katika maktaba ambayo sasa wameitoa nusu ya rafu zake ili waweke viti vya kukalia watu wasiosoma. Kiwanda nacho wamekigeuza nyumba za kupangisha. King'ora kilichokuwa kikituamsha mji mzima walikiuza kwa mkusanyaji wa vitu vya kale, na siku hizi kila mtu huamka kwa wakati wake, na wasiwasi wake.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda kula samaki katika baa ya Lorna. Desturi hiyo ya Ijumaa nayo imebaki jina. Zamani samaki alikuwa wa ziwani, kavuliwa na mtu unayemjua. Leo anatoka kwenye barafu ya kiwandani, hata hana ladha ya maji. Lakini mji bado unakwenda, kwa kuwa ndipo mahali pa kuonana. Mimi siendeshi tena, walininyang'anya leseni kwa ajili ya macho, kwa hiyo akina Brandvold hunichukua. Tulikaa meza ndefu. Upande wa pili walikaa Verl Dombeck, aliyekuwa fundi mkuu wa mashine za kiwanda, na Bi Pavlak, aliyewafundisha darasa la kwanza watoto wote wa mji huu, Thea akiwemo.

"Haya, mwenye bango!" Verl akapaza sauti. "Nimeliona. Hongera, mhandisi wetu!"

Bi Pavlak akaweka uma chini. "Mhandisi wa wapi? Huyu anakuwa mwalimu. Kaniambia mwenyewe, dukani, kwenye mikate."

"Mama, umechanganya watoto. Kaniambia mimi, posta. Uhandisi. Tena nikamwahidi vitabu vyangu."

"Verl, vitabu vyako vimeliwa na panya tangu kiwanda kifungwe."

Watu wakacheka. Joleen hakucheka. "Anakwenda kusomea uuguzi," alisema taratibu. "Nafasi anayo tayari."

Mimi nilikuwa na kipande cha samaki mdomoni. Majuma machache nyuma, Thea aliniambia akiwa ameegemea ua wangu kwamba atasoma historia. Nilifurahi sana siku ile. Sikusema kitu, lakini nadhani uso wangu ulisema, maana Curt alinitazama akauliza, "Na wewe pia, mzee?"

"Historia," nikasema.

"Yesu wangu," Curt akasema. "Huyu mtoto ana kichwa kimoja au vinne?"

"Mwache, anagawa kama peremende," Lorna akadakia akipita na sahani. "Mimi kaniambia upishi."

Baa nzima ilipasuka kwa kicheko. Hawakuwa wabaya; hivyo ndivyo watu wetu wanavyopenda. Lakini Thea alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na shingo yake ilikuwa imeiva.

"Sijui!" alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Sijui nitasoma nini. Mkiniuliza nasema mnachotaka kusikia, mnafurahi, mnaniacha. Basi. Sijui."

Kicheko kilikatika. Bi Pavlak alinyoosha mkono kumshika, Thea akaukwepa. Tukaondoka sahani zikiwa hazijaisha, jambo ambalo katika mji wetu mtu hulifanya akipata habari ya msiba tu.

Ndani ya gari mimi na Thea tulikaa nyuma. Tulivuka reli.

"Umenitia aibu," Curt akasema.

"Wewe ndiye uliyepigilia bango."

"Kwa hiyo kosa langu?"

"Curt, tazama barabara," Joleen akasema. Kisha bila kugeuka: "Uuguzi je? Na huo ulikuwa wa kunifurahisha?"

"Sijui, mama. Hicho ndicho kinachoniogopesha. Labda naupenda. Labda nakupenda wewe. Siwezi kuvitenganisha."

"Ungeniambia."

"Ungenikubalia. Ungesema sawa, mwanangu, halafu ungekwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa."

Joleen akatoa sauti ambayo nusu yake ilikuwa kicheko.

"Na huko kilimani," Curt akasema, "watakufundisha nini? Kutojua? Hilo unalijua bure hapa nyumbani."

"Huko hawaniulizi, baba. Miaka miwili, hakuna wa kuniuliza."

"Na baada ya miaka miwili ukigundua ulitaka uuguzi?"

"Nitakuwa nimeukosa." "Unadhani sijalifikiria? Nalifikiria nikipiga mswaki. Nikienda Jimbo nitakuwa muuguzi kwa sababu nilisema siku moja nikiwa na haraka. Nikienda kilimani nimefunga mlango ambao labda ndio wangu. Kote kuna kitu kitakufa, na mimi ndiye wa kukiua."

Nyumbani Curt alizima gari, na tukakaa humo humo, sote wanne, kama watu wanaosubiri mvua ipungue.

Kesho yake bango halikuwapo. Sikuuliza. Siku zilizobaki nilimwona Thea akitembea mpaka kona na kurudi bila kwenda popote. Aliacha kula chakula cha mchana. Alivipigia simu vyuo vyote viwili, na kila kimoja kilimjibu kwa upole na kumwambia karibu sana, jambo lililomzidishia mashaka.

Siku moja alikuja akaegemea ua wangu.

"Wewe ulichaguaje, mzee?"

"King'ora kililia, nikaenda."

"Ulikipenda kiwanda?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Tulikuwa na kazi, tulikuwa na wenzetu, mtu alijulikana kwa mashine yake mpaka jeneza lake. Yote hayo ni kweli na yamekwisha, na wanaoyacheka hawajui walichopoteza. Lakini binti alikuwa na macho mekundu, na hakuwa ameuliza habari ya mji.

"Hakuna aliyepata kuniuliza hilo," nikasema.

"Hata mke wako?"

"Hata yeye, Mungu amrehemu."

"Mimi nimeulizwa mno, mpaka sisikii. Mtu akianza tu, 'Thea, utasoma...', namtazama usoni, mdomo unachagua wenyewe. Naogopa nitaolewa hivyo hivyo."

"Basi nenda wasikokuuliza," nikasema.

"Usinichagulie na wewe," akanikatiza kwa ukali, akaondoka. Alikuwa na haki.

Mei mosi shuleni huwa kuna mkutano wa fulana. Kila anayemaliza huja amevaa fulana ya chuo anachokwenda, anapanda jukwaani ndani ya ukumbi wa michezo, anataja jina, chuo, na fani, na watu wanashangilia. Asubuhi hiyo Thea alitoka nyumbani na koti limefungwa mpaka kidevuni, ingawa jua lilikuwa limetoka. Hata wazazi wake hawakujua ndani kuna rangi gani. Alikuwa amewaomba wasimuulize, nao, kwa shida, hawakuuliza. Curt aliniambia nije. Njia nzima aliendesha kwa mikono yote miwili.

Watoto walipita mmoja mmoja. Uhasibu. Uuguzi. Uhandisi. Biashara, biashara, biashara. Kila mmoja alisema kama aliyezaliwa nayo, na sikuamini hata nusu yao. Zamu ya Thea ilipofika alifungua koti pale jukwaani. Fulana ilikuwa ya kijani, ya kilimani. Karibu yangu Joleen alivuta pumzi kama aliyechomwa sindano. Kule Jimboni nafasi yake ilikuwa imekwisha kuwa ya mtu mwingine.

"Thea Brandvold," alisema, akataja chuo. Kisha akaishia hapo.

Mwalimu mkuu alimsogezea kipaza sauti, akitabasamu. "Na unakwenda kusomea nini?"

Nilimwona akimtazama usoni. Nilimwona mdomo ukianza kufunguka, na nikajua jibu lolote ambalo lingetoka pale lingempendeza mwalimu mkuu. Verl alikuwa safu ya mbele. Thea aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, asimwone mtu yeyote.

"Bado," akasema.

Watu hawakujua kama washangilie. Mmoja alicheka nyuma, kisha makofi yakaja machache, ya kubahatisha. Curt alipiga makofi kwa nguvu kupita kiasi, na Joleen akafuata, akichelewa, macho yake yakiwa kwenye mlango wa kutokea. Thea alishuka akaenda kukaa mwisho wa benchi, akafunga koti tena, mikono imeingizwa ndani ya mikono ya koti. Alikaa hivyo mpaka mtoto wa mwisho alipotaja biashara.