Posa ya Ghorofa ya Nne

Gezahegn Tilahun alikuwa mwandika vibao, na watu wa Addis Ababa walikuwa wakiusoma mkono wake kila siku bila kumjua: "Mkaa Upo," "Mbwa Mkali," "Usikojoe Hapa." Serikali ya mji ilipojenga maghorofa ya watu wa kipato kidogo, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika namba milangoni. Mchana aliandika namba kwenye milango mipya ya watu wengine, jioni akarudi mtaa wa Gulele kulala katika chumba cha udongo ambacho ukuta wake ulisimama kwa hisani ya gogo. Hakulalamika hata siku moja. Alijiona mjanja, na mtu anayejiona mjanja huwa na subira ya ajabu.

Ujanja wenyewe ulikuwa huu. Nyumba zile mji uliziuza kwa bei nafuu, ulipe polepole mpaka umalize, ila zilikuwa chache na wenye shida hawahesabiki, basi zikagawiwa kwa bahati nasibu. Mume na mke walipewa namba moja tu ya bahati nasibu. Na katika kila nyumba mia, thelathini zilitengwa kwa ajili ya wanawake. Gezahegn aliyasikia hayo akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, nusura aanguke kwa furaha.

"Mke wangu, tuachane," alimwambia Yeshimebet jioni ile.

"Umelewa?"

"Kwa karatasi tu! Wewe uandikishwe namba yako kama mwanamke asiye na mume, mimi niandikishwe yangu. Nani atajua?"

Wakaenda mahakamani wakiwa wameshikana mikono. Hakimu akauliza sababu ya kuachana. Gezahegn alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Akatazama dari, akasema la kwanza lililomjia: "Mheshimiwa, mapishi yake hayana chumvi."

Karani akaandika. Watu waliokuwa wakingoja kesi zao wakamgeukia Yeshimebet kwa huruma. Usiku huo mtalaka na mtalaka wake wakala mkate wa injera kwenye sinia moja kama kawaida, na sinia ilipobaki tupu mama wa watu akainua macho.

"Chumvi?" aliuliza.

Basi. Hakulitaja tena neno hilo kwa miaka kumi na minne.

Mwaka wa kumi na tano, mambo mawili yakaja wiki moja. La kwanza, tangazo kwamba vibanda vyote vya mtaa wao vitavunjwa baada ya miezi mitatu kupisha barabara. La pili, jina la Yeshimebet gazetini. Amepata nyumba! Chumba cha kulala, sebule, jiko na choo cha ndani, ghorofa ya nne. Gezahegn alicheza uani mpaka kuku wakakimbia, kisha akaanza kufunga brashi zake.

"Unafunga nini?" mkewe akamuuliza.

"Vitu vyangu. Si tunahama?"

"Nani na nani?"

"Yeshi, acha mzaha."

"Mimi mwanamke niliyeachwa, baba. Nina karatasi, ina muhuri. Nitamwingizaje mwanamume nyumbani kwangu? Majirani watasemaje? Padri je?"

"Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na minne!"

"Hapa ni nyumba yako, dhambi ilikuwa yako. Kule ni kwangu."

Gezahegn alicheka peke yake, akaona mwenzake hacheki, akaweka brashi chini. "Sasa unataka nini?"

"Washenga," akasema Yeshimebet. "Watatu. Wenye mvi."

Mtu mwingine angebisha. Gezahegn hakuweza, maana alijua deni hilo lilikotoka. Miaka thelathini nyuma, kwa kukwepa gharama za posa, alimtorosha Yeshimebet kwa basi la alfajiri. Baba wa binti alikuwa mtengeneza matandiko ya farasi, mtu wa heshima zake. Kila Jumapili alivaa shuka nyeupe, akaketi akiutazama mlango, akingoja wazee waje wamwombe japo kwa kuchelewa. Hawakuja. Alikufa mlango wake haujabishwa. Gezahegn alilijua hilo na lilimuuma, ila alilipaka rangi juu kama kibao cha zamani.

Yeshimebet akahama. Gezahegn akabaki na gogo lake, huku matingatinga yakisogea nyumba kwa nyumba, akatafuta wazee. Akampata Mzee Wubshet, shemasi mstaafu wa miaka sabini na tisa, na wenzake wawili wasiopishana naye sana kwa umri. Sasa, mshenga wa kwao haketi mpaka ajibiwe. Hata ukimwekea kiti cha dhahabu, atasimama. Desturi nzuri sana, ila walioiweka hawakuwa na ghorofa.

Siku ya kwanza walipanda, wakapumzika kila ghorofa, wakafika. Mzee Wubshet akaona kigoda, na kabla ya salamu kwisha, puu! ameketi.

"Baba yangu, umekaa," Yeshimebet akasema kwa upole. "Aliyekaa hana ombi. Amekuja kunywa kahawa." Akawapikia kahawa, wakanywa vikombe vitatu vitatu, wakateremshwa.

Wiki iliyofuata tingatinga lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa Gezahegn. Wazee wakapanda tena, wakasimama wameegemeana kama mabua. Kwenye kiti kizuri kuliko vyote, Yeshimebet alikuwa ameweka picha ya baba yake.

"Tumekuja kuomba binti," Mzee Wubshet akasema akihema.

"Baba anauliza, kijana ana nyumba?"

"Hana."

"Baba anauliza, mahakama imeandika kuwa mapishi ya binti hayana chumvi. Huyo kijana anamtakia nini?"

Wazee wakatazamana. Hilo hawakuambiwa! Mzee Wubshet akachomoza kichwa dirishani. Bwana harusi alikuwa chini uani, akingoja.

"We Gezahegn! Ulisema nini habari ya chumvi?"

Majirani wakajaa kwenye vibaraza.

"Nilisema uongo!" Gezahegn akaita.

"Sema kwa nguvu, binti hasikii!" mzee akamwambia. Binti alikuwa anasikia vizuri sana.

"Chumvi ilikuwa sawa! Siku zote ilikuwa sawa!"

Watoto wakashangilia. Gezahegn hakucheka. Akavua kofia, akaangalia juu. "Na mwambieni baba yake," akasema, "nimechelewa kubisha hodi. Nimemkosea."

Yeshimebet aliitazama picha kwa muda mrefu, akajifuta macho kwa pindo la shuka yake.

"Baba anasema mkae—" na Mzee Wubshet alikuwa ameshakaa kabla hajamaliza, vigelegele vikatoka dirishani.

Gezahegn akapanda ngazi za ghorofa zote nne bila kupumzika, brashi kwapani. Akasimama mbele ya namba aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, na wote ndani walikuwa wakimwona. Akabisha.